Daftari la Mama Blanketi: namna ninavyoishi na pumu Gikomba

Kwa miaka tisa nilinunua inhela ya bluu kila baada ya wiki tatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kulikoni. Kijana wa kemisti karibu na kibanda changu alikuwa akiniona natokea tu, anaichomoa rafuni kabla sijafungua mdomo. Nilimwona mtu mwema sana. Mwaka wa 2017 nikawa kwenye kituo kimoja cha afya kwa shida nyingine kabisa, ya mgongo, na daktari wa pale akasikia kifua changu kikipiga mluzi tangu upande wa pili wa meza. Akauliza natumia nini. Nikatoa ile ya bluu kwenye mkoba. Akaigeuza mkononi.

"Mama, humu ndani unabonyeza mara 200 inaisha. Unasema inakaa wiki tatu. Wewe ni mfanyabiashara, hebu nigawie."

Mara 200 kwa siku 21. Ni kama mara tisa na nusu kwa siku. Mimi ambaye robota la blanketi la kilo 45 likishakatwa kamba tu nakuambia litatoa kamera ngapi, zile za daraja la kwanza, na fagia ngapi, zile hafifu za mwisho, hesabu hiyo sikuwa nimeipiga hata siku moja.

"Hizo ni inhela kumi na saba kwa mwaka," akasema. "Mtu akifikisha tatu tu, sisi huanza kuwa na wasiwasi kwamba atashikwa vibaya. Akifika kumi na mbili, tunahofia maisha yake."

Niliyoyaandika hapa yalianzia kwenye hesabu hiyo. Mimi si daktari. Nauza blanketi, mashuka na mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, ndiyo maana sokoni wananiita Mama Blanketi. Nina miaka 48, pumu ninayo tangu darasa la tatu, na kijana wangu wa pili ameichukua kwangu. Kiwango cha dawa yako utapewa na anayekutibu. Mimi nakueleza jinsi ya kuishi nayo ukishatoka kwake, ukarudi kwenye vumbi lako.

Bluu ni beseni, kahawia ni fundi

Ndani ya mirija ya hewa ya mtu wa pumu kuna mambo mawili. La kwanza, misuli inayoizunguka mirija inabana. La pili, ukuta wa ndani umevimba na unatoa ute mzito. Dawa ya bluu, salbutamol, inalegeza misuli. Ndani ya dakika chache unapumua, na nafuu hiyo hukaa saa nne hadi sita. Uvimbe hauguswi. Kwa hiyo ukibonyeza bluu ukajisikia mzima, ujue umeweka beseni chini ya bati linalovuja: sakafu imekauka lakini tundu liko pale pale.

Fundi wa tundu ni dawa ya kuzuia. Yangu ni ya kahawia, beclometasone, aina ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe. Wengine hupewa budesonide au fluticasone, na rangi za vifaa hutofautiana, kwa hiyo soma jina la dawa, usiamini rangi. Ubaya wa dawa hii ni kwamba ukiivuta husikii chochote. Hakuna nafuu ya papo hapo. Inafanya kazi polepole, siku kwa siku, wiki kwa wiki, na ndiyo sababu watu huiacha. Mimi mwenyewe niliiacha mara mbili. Mara ya kwanza nilivuta siku nne, nikaona hainisaidii, nikampa dada yangu. Mara ya pili nilivuta miezi miwili, nikawa mzima kabisa, nikaona sina haja nayo tena. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka hospitalini usiku, nitaieleza mbele.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaoitwa GINA haupendekezi tena mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Zipo pia inhela zenye dawa mbili kwa pamoja, budesonide na formoterol, ambazo mgonjwa anaweza kuzitumia kila siku na pia kifua kinapobana. Uliza kama hiyo inakufaa. Na ukienda kliniki, hata kama foleni imefika getini, usitoke bila kuuliza swali hili moja: "Daktari, hapa nina dawa ya kuzuia, au ya kutuliza tu?"

Kuna maneno utaambiwa. Kwamba inhela ni ya hatua ya mwisho. Kwamba ukiianza umekuwa mtumwa wake. Mama mkwe aliniambia steroidi itaniotesha ndevu. Steroidi ya kuvuta ni kidogo sana na inakwenda kifuani moja kwa moja, si kama vidonge vinavyozunguka mwili mzima. Shida yake ya kawaida ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, na dawa ya hiyo ni maji: sukutua, tema. Mimi navuta asubuhi kabla tu ya kupiga mswaki, na usiku vivyo hivyo. Mswaki unanikumbusha dawa, dawa inanikumbusha mswaki. Nimeletewa pia mafuta ya mbuni kwenye chupa ya soda, kwa upendo mwingi. Niliyapokea, nikashukuru, bado yako kabatini.

Kuandika

Nyuma ya daftari langu la madeni kuna kurasa za pumu. Kila siku mistari mitatu tu: bluu mara ngapi, niliamka usiku au la, na siku hiyo nilikuwa wapi nikifanya nini. Inachukua muda wa kupasha chai.

Mwisho wa mwezi najiuliza maswali manne ambayo madaktari huyatumia kuangalia wiki nne zilizopita. Je, mchana kifua kilinisumbua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu iliniamsha usiku hata mara moja? Je, nilihitaji bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, kuna kazi niliyoshindwa kuifanya kwa sababu yake? Ukijibu hapana kwa yote, pumu yako imetulia. Ndiyo moja au mbili, imetulia nusu. Ndiyo tatu au nne, haijatulia, na hapo sisubiri tarehe ya kliniki.

Lakini faida kubwa ya daftari ilikuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimeamini kwamba adui yangu ni siku za kufungua marobota, Jumanne na Ijumaa. Kweli siku hizo zilionekana. Kilichonishangaza ni Jumapili usiku. Jumapili siendi sokoni, nimelala nyumbani kwangu Kayole, nimeoga, nimekula, na bado bluu mara tatu, mara nne, kila wiki. Nikafikiri ni manukato ya kanisani. Nikahama kiti. Wapi. Wiki ya sita ndipo nilipogundua: keateka wa ploti alikuwa akichoma takataka nyuma ya choo kila Jumapili jioni, plastiki na nepi na kila kitu, moshi unapanda ngazi hadi dirishani kwangu.

Nilimwendea kwa heshima, ni mtu mzima kunipita. "Baba, nakuomba. Ule moshi unanifunga kifua." Akaniangalia kana kwamba nimemwomba ahame. Nikarudi kesho yake na daftari, nikamwonyesha Jumapili sita nilizozizungushia wino mwekundu. Hapo akaelewa, au alichoka. Tukakubaliana achome Jumatano adhuhuri niko sokoni. Najua si suluhisho, kwa sababu kuna watoto ploti ile, na bado tunamsukuma landlodi alipe gari la taka. Lakini usiku wa Jumapili ulitulia.

Kwa hiyo usinakili orodha ya mtu ya vitu vya kuepuka. Kuna anayeshikwa na paka, mwingine mende, mwingine rangi mpya ya ukuta, mwingine kucheka sana. Tengeneza yako. Kijana wangu vumbi halimsumbui hata kidogo, ila mafua yakimwingia tu, siku ya pili anapiga mluzi.

Ukiweza kupata kipimo cha kupuliza, kile kibomba chenye mshale kinachoonyesha nguvu ya pumzi, andika pia namba yake asubuhi. Yangu nikiwa mzima kabisa ni 400. Ikiwa juu ya asilimia 80 ya hiyo, yaani 320, niko sawa. Kati ya 200 na 320 nafuata yale daktari aliyoniandikia. Chini ya 200 ni hospitali. Namba yako ni yako, usilinganishe na ya jirani, hata mngekuwa mapacha.

Ulivyoivuta sivyo

Nilikuwa nailamba dawa. Miaka yote ile. Nilibonyeza, ikagonga ulimi, nikameza. Muuguzi aliponiambia nimwonyeshe ninavyovuta alicheka mpaka akaomba radhi.

Inavutwa hivi. Tikisa vizuri. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, bonyeza hewani kwanza, mara ambazo karatasi yake inasema. Keti au simama wima. Toa pumzi yote, polepole. Weka mdomoni, funga midomo kuizunguka, anza kuvuta pumzi taratibu, na hapo hapo bonyeza mara moja, ukiendelea kuvuta hadi kifua kijae. Vuta kwa utulivu, kama unayevuta uji wa moto kwa mrija, usivute kwa pupa. Zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Achia. Ukihitaji nyingine, ngoja kama nusu dakika, tikisa tena.

Kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja kunawashinda wengi, na ndiyo maana kuna speisa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa inatulia mle ndani, wewe unaivuta kwa nafasi yako. Inafika kifuani zaidi na inabaki kooni kidogo. Watoto karibu wote wanaihitaji, na mtu mzima anayetumia steroidi ninamshauri aitumie pia.

Kama hujaipata, chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi, hilo limejaribiwa Afrika Kusini kwa watoto na likaonekana kusaidia sawa na za kununua. Chukua chupa iliyooshwa. Kwenye kitako chake chora umbo la mdomo wa inhela, toboa kwa waya uliotiwa moto ukifuata mchoro, ili inhela iingie kwa kubana. Lainisha kingo. Ikicheza, zungushia utepe wa gundi upande wa nje hewa isipenye. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana ukiisugua plastiki hushika dawa kwenye kuta zake. Shingo ya chupa ndiyo inayoingia mdomoni. Bonyeza mara moja, vuta na utoe pumzi mle mle mara nne hadi sita, ndipo ubonyeze nyingine. Kamwe usibonyeze mara tatu kwa mkupuo ukadhani umeokoa muda.

Ile plastiki ya inhela yenyewe hushika unga kwenye tundu. Mara moja kwa wiki toa kikopo cha chuma, osha plastiki peke yake kwa maji ya uvuguvugu, kausha. Kikopo chenyewe usikitie majini. Wengi tulifundishwa kukielesha kwenye bakuli tujue kama kimeisha. Hakisemi ukweli. Hesabu ndiyo inayosema ukweli: kahawia yangu ni mara mbili asubuhi na mara mbili usiku, mara nne kwa siku, kwa hiyo ile ya mara 200 inakaa siku 50. Siku ya kuifungua naandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya mwisho. Baada ya tarehe hiyo inaweza bado kutoa mvuke, lakini mvuke si dawa.

Sokoni

Kuna walioniambia niache mitumba. Mitumba imesomesha watoto watatu. Nilichobadilisha ni namna.

Sikati tena kamba ya robota mwenyewe. Nimeelewana na kijana wa mkokoteni, yeye anakata na kumwaga, mimi nakaa upande upepo unakotoka hadi vumbi la kwanza lishuke. Unaokosa ni ule uhondo wa kuwa wa kwanza kuona kamera, na kweli uliniuma mwanzoni. Blanketi hazikung'utwi ndani ya kibanda. Barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii vumbi laini, hupita pembeni, kwa hiyo siku za marobota navaa ile ngumu ya N95 inayobana puani. Sitii chochote cha kunukia kwenye nguo, ingawa najua wateja wanapenda. Jioni navua leso na kofia kabla ya kuingia chumbani, naoga na kichwa, la sivyo ningelala na Gikomba yote kwenye mto.

Na moto. Soko letu limeungua mara nyingi. Ule wa Juni 2018 uliua watu kumi na tano. Baada ya kila moto watu hukimbilia kufukua majivu asubuhi ile ile kuokoa mabati na vyuma. Mimi humtuma mtu. Nimepoteza mabati kwa sababu hiyo, na sijuti.

Kwenye matatu, kutoka Kayole hadi Muthurwa kupitia Jogoo Road, nafunga dirisha tukisimama kwenye msongamano nyuma ya lori, nafungua gari likitembea. Siketi karibu na mlango. Na natoa inhela mbele za watu. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, haikuwa rahisi, ukipiga mluzi kidogo tu kiti chote kilihama, na kondakta mmoja alitaka kunishusha pale City Stadium. Nilimwonyesha inhela nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni pumu, haiambukizi." Abiria wengine wakanitetea. Tangu siku hiyo sijifichi.

Nyumbani

Makaa niliyaacha nikahamia meko ya gesi, na hata gesi naipikia dirisha likiwa wazi. Mafuta taa hayaingii kwangu. Julai baridi inapouma, majirani huingiza jiko ndani walale na joto. Hiyo usifanye hata kama huna pumu, maana sumu ya makaa imeua familia nzima katika jiji hili wakiwa usingizini. Mimi najifunga skafu puani asubuhi, kwa sababu hewa baridi ikiingia kavu kifua kinabana, na kabla Juni haijafika nauliza chanjo ya mafua.

Nyumba haifagiliwi kwa ufagio mkavu nikiwa ndani. Inapigwa deki. Zulia la manyoya nililiuza. Mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto kila wiki, kwa sababu wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho wanaishi godoroni na maji baridi hayawaui. Mbu nawazuia kwa neti, sichomi dawa ya koili. Mende nawawekea mitego na chakula nafunika, kwa sababu dawa ya kupuliza ilinishinda kuliko mende wenyewe. Masika ukuta wa choo huota ukungu mweusi, kijana wangu mkubwa huusugua nikiwa nimetoka. Upepo ukivuma kutoka upande wa Dandora na harufu ya jaa ikafika, nafunga madirisha, basi, sina la zaidi.

Dawa nyingine pia zina mambo yake. Aspirini, ibuprofeni na ndugu zao hubana vifua vya baadhi yetu, na propranolol ya presha au ya moyo haifai watu wa pumu. Kila nikinunua hata dawa ya kichwa, kwanza natamka neno pumu. Na ukikohoa wiki mbili mfululizo usidhani ni pumu tu. Jiji hili lina kifua kikuu, nenda upimwe makohozi.

Usiku kifua kinapofunga

Agosti 2018, ile mara ya pili niliyoacha kahawia. Nilianza kubana saa tatu usiku. Nilikuwa na bluu, nikavuta mbili, nikalala. Saa sita nikaamka siwezi kusema jina la mtoto. Dada yangu, Mungu ambariki, akanilaza chali na kunipaka dawa ya kunukia kifuani na puani. Akafunga dirisha nisipigwe na baridi. Yote matatu yalikuwa makosa, na yote alifanya kwa kunipenda. Jirani akanipakia kwenye Probox yake. Mahali pa kwanza tulipofika mashine ya nebulaiza, ile ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, ilikuwepo lakini umeme haukuwepo. Pa pili ndipo nilipopewa oksijeni.

Kwa hiyo sasa karatasi iko nyuma ya mlango wangu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kila mtu wa nyumba hii ameisoma kwa sauti mbele yangu:

Mketishe wima, ainame mbele kidogo. Usimlaze. Fungua hewa, ondoa umati.

Bluu kupitia speisa, mara moja moja, pumzi nne hadi sita kwa kila mbonyezo. Anza na nne, unaweza kufika kumi. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20 huku gari linatafutwa.

Usingoje dakika 20 ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zimekuwa za samawati, ngozi ya shingo na kati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta, au amechanganyikiwa na kusinzia. Nenda sasa hivi, ukiendelea kumpa bluu njiani.

Na mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hajapona. Hewa haipiti tena. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Namba za dharura ni 999 na 112, lakini saa sita za usiku Kayole usikae kungoja king'ora. Nina namba za watu wawili wenye magari na mmoja wa boda, nao wanajua ni za nini. Kwa boda mgonjwa akae katikati, ashikwe kwa nyuma, na awe bado anajiweza. Kutoka kwetu hospitali ya Mama Lucy si mbali, na njia tuliipitia mchana kwanza tukapima muda.

Ukitoka hospitalini utapewa vidonge vya prednisolone vya siku kadhaa. Vimalize hata ukijisikia mzima siku ya pili. Rudi kwa daktari ndani ya wiki, na inhela ya kuzuia isisimame hata siku moja.

Mtoto shuleni

Shule ya kijana wangu ilikuwa na sheria kwamba dawa zote zikae kwa metroni, zimefungiwa. Metroni ana ufunguo, naye jioni huenda nyumbani kwake. Nilikwenda mwenyewe, nikamsalimu mwalimu mkuu, nikamuuliza, "Mwalimu, kijana akishikwa saa nane za usiku ufunguo uko wapi?" Hakuwa na jibu. Nilibeba barua ya daktari ikisema mtoto anabeba bluu yake mfukoni, pia nakala ya ile karatasi ya mlangoni kwa mwalimu wa bweni. Michezo hajaacha. Anavuta bluu dakika kumi na tano kabla ya mpira kama daktari alivyomwelekeza, anapasha misuli polepole, na ni winga wa kulia.

Mimi bluu ninazo tatu: mkobani, kando ya kitanda, na ya kibandani inayoning'inia kwenye msumari juu ya sanduku la pesa, ambapo majirani zangu wa kushoto na kulia wanaijua. Haziachwi juani wala karibu na jiko. Januari, nikilipa karo, naangalia tarehe zake zote za kuisha.

Julai iliyopita daftari linasema bluu mara nne, mwezi mzima. Moja ni robota la mapazia lililopasukia mlangoni mwangu. Tatu ni za Jumapili moja ambayo keateka alisahau.